Kuhara kusikoisha: ginsi ya kutambua ugonjwa wa Crohn, na njia ya kufikia vipimo kutoka Kabambare

"Tumbo inaniuma tangu mvua ya kwanza. Nilisha kunywa dawa ya amiba mara ine. Inatulia siku kumi, kisha inarudia."

Kati yetu wakaaji wa Kabambare, Salamabila, Kasongo na vijiji vya kando, nani hajasikia maneno kama haya? Mara nyingi ni amiba kweli, ao minyoo, ao maji machafu. Mtu anapewa dawa, anapona, mambo yanaisha. Lakini kuna wale ambao mambo yao hayaishi. Wanahara mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita. Nguo zinaanza kuwa kubwa mwilini. Wananunua dawa zilezile ku farmasi, wanabadilisha muganga, wanauza mbuzi, na mwishowe familia inaanza kutafuta nani aliwalisha sumu.

Makala hii inaeleza ugonjwa mmoja unaoweza kujificha nyuma ya kuhara kwa namna hiyo: ugonjwa wa Crohn (inatamkwa "Kron"). Siyo ugonjwa wa kila siku kwetu. Lakini njia ya kuutafuta ni ileile inayosaidia kupata magonjwa mengine yaliyo mengi kwetu na yanayoua, kwanza kabisa kifua kikuu cha matumbo. Kwa hiyo jambo la kushika ni hili: kuhara ao maumivu ya tumbo yanayopita wiki nne yanahitaji vipimo, siyo kurudilia dawa ileile. Na kabla mtu hajapewa dawa za Crohn, ni lazima kifua kikuu kitafutwe.

CROHN NI UGONJWA GANI?

Mwili wetu uko na askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa mtu mwenye Crohn, askari hao wanageuka na kushambulia ukuta wa njia ya chakula. Ukuta unavimba, unatoka vidonda, unapona vibaya na kuacha makovu, kisha unavimba tena. Ugonjwa unaweza kugusa sehemu yoyote kutoka mdomoni mpaka njia ya haja kubwa, lakini sehemu unayopenda zaidi ni mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana. Ni upande wa kulia, chini ya tumbo, karibu na pale pa apandisiti. Sehemu moja inaweza kuwa na vidonda, inayofuata ikawa nzima, kisha vidonda vinaanza tena mbele.

Unaanza mara nyingi kwa vijana, kati ya miaka 15 na 35, lakini mtoto na mzee pia wanaweza kuupata. Hauambukizwi: hauambukizi kwa kula pamoja, kulala pamoja ao kutumia choo kimoja. Sababu yake siyo moja. Kuna mambo ya ukoo, kuna vijidudu vinavyoishi katika matumbo, na kuna tumbaku, ambayo inazidisha ugonjwa.

Jina lilitoka kwa muganga wa Marekani, Burrill Crohn. Mwaka wa 1932, yeye pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, waliandika juu ya wagonjwa 14. Jina lake lilibaki kwa sababu lilitangulia katika mpangilio wa alfabeti. Kabla yao, mwaka wa 1913, mpasuaji wa Scotland, Kennedy Dalziel, alikuwa amekwisha kuandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo. Hata rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, alipasuliwa kwa ugonjwa huu mwezi wa sita mwaka wa 1956, alipokuwa bado rais, na aliendelea na kazi yake kwa miaka mingine.

JE, UNAPATIKANA KWETU AFRIKA?

Zamani ilisemwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 mpaka 1966, aliona kwamba magonjwa mengi ya matumbo yaliyokuwa ya kawaida Uingereza yalikuwa machache sana kwa watu wa vijijini Afrika. Alifikiri chakula chetu chenye nyuzinyuzi nyingi kinasaidia.

Mpaka leo Crohn ni nyingi zaidi Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Lakini waganga wa Nairobi na wa Afrika Kusini wanaupata kwa Waafrika, na watoto wa Waafrika waliozaliwa Ulaya wanaupata pia. Ngozi nyeusi haizuii. Tena kuna jambo moja la kufikiri: ugonjwa unaohitaji kamera ndani ya utumbo ili kuonekana hauwezi kuandikwa katika daftari la kituo kisicho na kamera hiyo. Pale unaandikwa "amiba", "tifoide", "gastriti", ao hauandikwi kabisa.

DALILI ZA KUANGALIA

Hakuna dalili moja inayosema "hii ni Crohn". Muganga anaangalia zinavyokuja pamoja na muda zinavyokaa. Hizi ndizo kubwa:

- Kuhara kunakopita wiki nne, kila siku ao kwa kurudia-rudia. Kuhara kunakomuamusha mtu usiku ni alama ya maana sana. Mtu ambaye tumbo linamsumbua kwa wasiwasi ao kwa chakula fulani, kawaida usiku analala.
- Maumivu ya tumbo, mara nyingi chini upande wa kulia, hasa baada ya kula. Wengine wanaogopa kula kwa sababu hiyo.
- Kupungua kilo bila kutaka. Mtu aliyekuwa na kilo 60 akifika 54 katika miezi sita, hilo si jambo la kungojea.
- Homa ndogo inayokuja na kwenda, bila malaria kuonekana ku vipimo.
- Uchovu na upungufu wa damu: viganja na ndani ya kope vinakuwa vyeupe.
- Damu ao kamasi katika choo. Kwa Crohn damu inaweza kukosekana, kwa hiyo kukosa damu hakumaanishi uko salama.
- Majipu, mipasuko ao tundu kando ya njia ya haja kubwa, linalotoa usaha, linafunga, kisha linafunguka tena. Waganga wanaita fistula. Watu wengi wanalificha kwa haya, ao wanafikiri ni emoroide (bawasiri). Mwambie muganga, maana alama hii inasaidia sana kuufikiria ugonjwa.
- Dalili nje ya tumbo: vidonda mdomoni vinavyorudia, viungo vinavyouma na kuvimba, macho mekundu yanayouma, uvimbe mgumu wenye maumivu kwenye miguu ya mbele.

Kwa watoto, alama inaweza kuwa nyingine: mtoto haongezeki urefu, kijana wa miaka 15 anafanana na wa miaka 11, msichana anakawia kuona mwezi wake. Wazazi wanasema "ni mfupi kama babu yake", na kumbe matumbo hayachukui chakula.

Crohn iko na majira yake. Inawaka wiki ao miezi, kisha inalala, hata bila dawa. Ndiyo maana dawa yoyote iliyonywewa wakati inaanza kulala inapata sifa isiyo yake. Tena metronidazole (Flagyl) na ciprofloxacine zinaweza kupunguza dalili za Crohn kwa siku chache. Kwa hiyo kupata nafuu baada ya Flagyl hakuhakikishi kwamba ilikuwa amiba. Na kuinywa Flagyl kwa muda mrefu kunaweza kuharibu mishipa ya fahamu, mtu akaanza kuhisi ganzi ku miguu.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI LEO, SIYO KESHO

Usikawie hata siku moja kama mgonjwa iko na moja ya haya:

- tumbo limevimba na kuwa gumu kama ubao, maumivu hayavumiliki;
- anatapika kila kitu, hapati choo wala hewa: utumbo unaweza kuwa umefunga;
- anatoa damu nyingi ao choo cheusi kama lami;
- homa kali pamoja na maumivu ya tumbo;
- amekauka maji: macho yameingia ndani, hakojoi, anazunguka kichwa akisimama;
- ni mama mjamzito, mtoto mdogo ao mzee, na kuhara kunamzidi nguvu.

Hapa ni kazi ya hospitali kuu, ile tunaita "hopitali jenerali". Usianze na farmasi, wala na dawa ya kuingiza kwa nyuma. Enema ya miti kwenye utumbo wenye vidonda inaweza kuutoboa.

MAGONJWA YANAYOFANANA NAYO

Kwetu, muganga akiona kuhara kwa muda mrefu, anapaswa kufikiria kwanza yale yaliyo mengi.

Amiba inaleta choo chenye damu na kamasi, pamoja na kukamua tumbo. Inaonekana kwa kuangalia choo kibichi ku laboratwari haraka, kabla hakijapoa. Giardia inaleta choo chenye mafuta, chenye harufu kali, na hewa nyingi tumboni.

Bilharzia ya matumbo inawapata wanaoingia katika maji yaliyotulia, kama wavuvi, watoto wanaooga mtoni, wakulima wa mchele, na wachimbaji wa zahabu wanaosimama ndani ya maji. Inaweza kutoa damu katika choo kwa miezi mingi. Dawa yake ni praziquantel.

Minyoo aina ya strongiloidi inaingia kupitia ngozi ya miguu na inaweza kuishi ndani ya mtu miaka mingi. Kama mtu yuko nayo bila kujua, kisha anapewa kortikoide, minyoo inaweza kusambaa mwili mzima na kumuua.

Tifoide ni ugonjwa wa homa kali kwa siku nyingi, unaoweza kutoboa utumbo. Lakini homa ya tifoide haikai mwaka mzima. Kipimo cha Widal kinachotoka "positif" kila mara kwa mtu anayehara tangu miezi nane hakielezi ugonjwa wake. Widal inaweza kutoka hivyo kwa mtu aliyeugua zamani ao aliyekutana na vijidudu vya karibu navyo.

VIH inaweza kujitokeza kwa kuhara kwa muda mrefu na kukonda. Kipimo ni cha lazima kwa kila mtu mwenye dalili hizi, kijana ao mzee, aliyeoa ao asiyeoa. Ni kipimo cha kufungua njia, siyo cha kumhukumu mtu.

Kansa ya utumbo inafikiriwa zaidi kwa mtu aliyepita miaka 50, mwenye damu katika choo na choo kilichobadilika. Nayo inaweza kumpata aliye chini ya miaka hiyo.

PACHA WA CROHN: KIFUA KIKUU CHA MATUMBO

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Wengi wanajua kifua kikuu kama ugonjwa wa kukohoa. Lakini mikrobi ile inaweza kukaa katika matumbo, na mahali inapopenda ni palepale Crohn inapopenda: mwisho wa utumbo mwembamba, chini kulia. Dalili ni zilezile: maumivu, kuhara, homa, kukonda, utumbo kufunga. Wengi wenye kifua kikuu cha matumbo hawakohoi, na radio ya mapafu inaweza kuwa safi. Hata mtu mwenye koloskopi na darubini anaweza kukosea.

Kwa nini kutofautisha ni jambo la kufa na kupona? Kwa sababu dawa za magonjwa haya mawili zinapingana. Crohn inatulizwa kwa kupunguza nguvu za askari wa mwili, kwa prednisolone na dawa nyingine. Ukimpa dawa hizo mwenye kifua kikuu, unawanyang'anya askari silaha mbele ya adui. Siku za kwanza mgonjwa atajisikia vizuri, atakula, homa itashuka. Kisha ugonjwa utasambaa.

Kwa hiyo, mama na baba, tunawaomba: zile dawa ndogo zinazouzwa bila karatasi ya muganga, "dexa" na "predni", zile ambazo wengine wanakunywa ili wanenepe, hazifai kwa tumbo lisilojulikana lina nini. Na muganga akiandika kortikoide, mwulize kwa heshima: "Muganga, kifua kikuu kilitafutwa?" Ni haki yako kuuliza. Kama umekwisha kuzinywa kwa wiki nyingi, usiziache ghafla peke yako, kwa maana mwili unaweza kuzimia. Nenda umwonyeshe muganga boksi la dawa, akuonyeshe ginsi ya kupunguza.

Kuna alama zinazomsaidia muganga. Maji yaliyojaa tumboni, jasho la usiku, mtu wa nyumbani aliyetibiwa kifua kikuu: hizo zinavuta upande wa kifua kikuu. Fistula kando ya njia ya haja kubwa, vidonda vya mdomoni, ugonjwa unaowaka na kulala kwa miaka: hizo zinavuta upande wa Crohn. Lakini ni kuvuta tu, siyo kuhakikisha.

Katika inchi zenye kifua kikuu kingi, na Kongo ni moja kati ya zile 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa, kama vipimo havitoi jibu wazi, waganga wanaanza na dawa za kifua kikuu. Baada ya miezi miwili ao mitatu wanaangalia tena. Kama vidonda vya utumbo vimepona, ni kifua kikuu, na mgonjwa anamaliza miezi yake sita. Kama vidonda viko palepale ingawa dawa zimenywewa sawasawa, Crohn inakuwa na nguvu zaidi katika hesabu. Dawa za kifua kikuu kwetu hazilipishwi.

NJIA YA VIPIMO, HATUA KWA HATUA

Sisi wa kusini mwa Maniema tuko na historia katika jambo hili. Tangu 1971, waganga wa Kongo na wa Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi Kasongo kujaribu namna moja ya kupanga matibabu: kituo cha afya karibu na watu, na hospitali moja nyuma yake ya kupokea wale walioshinda kituo. Kasongo ni moja ya mahali ambapo mawazo hayo yalijaribiwa kabla inchi nzima haijagawanywa katika maeneo ya afya. Leo inchi iko na maeneo ya afya 519, na Maniema 18, kati yao Kabambare, Saramabila, Lusangi, Kunda na Kasongo. Mgonjwa wa tumbo lisiloisha ndiye anayehitaji mpango huo zaidi. Akiruka hatua, anapoteza franga. Akibaki hatua ya kwanza, anapoteza maisha.

Hatua ya kwanza, kituo cha afya. Nenda baada ya wiki mbili za kuhara, ao mara moja kama kuna damu. Omba: kupimwa kilo na kuandikiwa, kipimo cha malaria, kipimo cha VIH, na vipimo vya choo. Choo kipimwe mara tatu, siku tofauti, maana wadudu hawatoki kila siku. Kama kitu kimeonekana, unatibiwa mara moja, sawasawa, na kurudi kuonyesha kama umepona. Ukitibiwa vizuri na dalili zikabaki, usikubali mara ya tatu dawa ileile. Omba karatasi ya kukutuma hospitali kuu.

Hatua ya pili, hospitali kuu. Hapa muganga anakuchunguza tumbo na, samahani kwa kusema wazi, anaangalia pia njia ya haja kubwa. Haya isikuzuie. Mwanamke anaweza kuomba muuguzi mwanamke awepo. Vipimo vya damu vinaonyesha upungufu wa damu na kama kuna uvimbe mwilini (VS ao CRP). Makohozi, kama yapo, yanapimwa kifua kikuu. Radio ya mapafu na ekografi ya tumbo zinaweza kuonyesha maji tumboni, tezi zilizovimba ao ukuta wa utumbo ulionenepa. Hakuna hata kimoja kinachosema "Crohn", lakini vyote pamoja vinaonyesha kama safari ya mbali inastahili.

Hatua ya tatu, mji mkubwa. Jina la Crohn linapatikana kwa koloskopi pamoja na kuchukua vipande vya nyama ya utumbo. Kipimo hicho kinatafutwa katika hospitali kubwa za miji kama Bukavu, Goma, Lubumbashi ao Kinshasa. Wengine wanaovuka Tanganyika wanafika mpaka Dar es Salaam. Kabla ya kuuza shamba, pigeni simu ao ombeni muganga wa hospitali kuu apige. Aulize kama mashine inafanya kazi wiki hiyo, kama muganga wa kuitumia yuko, kama vipande vinasomwa palepale, na bei yote ni franga ngapi.

Koloskopi inaendaje? Siku moja kabla, unakula chepesi, kisha unakunywa dawa ya kuosha matumbo mpaka unatoa maji matupu. Muganga anaingiza bomba laini lenye kamera kupitia nyuma, anafika mpaka mwisho wa utumbo mwembamba. Mara nyingi unapewa dawa ya kutuliza. Vipande anavyochukua ni vidogo kama punje ya mtama, na kuvichukua hakuumi. Mwombe avichukue sehemu nyingi, hata zile zinazoonekana nzima, na kwamba kipande kimoja kitafutiwe kifua kikuu. Jibu la kifua kikuu likitoka "négatif", bado halifungi mlango, kama tulivyoeleza.

Katika miji kuna pia kipimo cha choo kinachoitwa kalprotektini. Kikiwa chini, ugonjwa wa kuvimba matumbo hauelekei kuwepo. Kikiwa juu, kinasema utumbo umevimba, lakini hakisemi kwa nini: hata amiba inakipandisha.

DAFTARI LA MGONJWA

Chukua daftari la shule. Andika kila siku: choo mara ngapi mchana, mara ngapi usiku, damu iko ao haiko, homa, ulikula nini, dawa gani. Kila wiki andika kilo. Bandika ndani karatasi zote za laboratwari, na weka maboksi matupu ya dawa katika mfuko mmoja. Mtu anayepanda moto kutoka Kabambare mpaka Kasongo, kisha Kindu, kisha mbele, akifika bila karatasi anaanza upya: Widal tena, amiba tena, franga tena. Mwenye daftari la miezi mitatu anaweza kumpa muganga katika dakika kumi mambo ambayo vipimo vingi haviwezi kusema.

WAKATI UNANGOJA

Kunywa maji yaliyochemshwa. Ukihara sana tumia SRO, ao tengeneza nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, siyo kujaza mlima.

Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Wali, ugali laini, ndizi iliyopikwa, samaki, mayai, ni vyakula vinavyoshuka vizuri. Wakati ugonjwa umewaka ao utumbo ni mwembamba, punguza vile vyenye nyuzi ngumu: mahindi ya kuchoma, miwa, karanga nzimanzima, sombe isiyotwangwa vizuri. Pilipili na mawese mengi vinaweza kuongeza maumivu. Chakula hakileti Crohn wala hakiiondoi. Usimkataze mgonjwa kila kitu mpaka akauke.

Acha tumbaku. Epuka dawa za maumivu kama ibuprofène na diclofenac, zinachokoza vidonda vya utumbo; parasetamol ni salama zaidi. Kwa ndugu zetu Waislamu: mgonjwa anayehara na kukonda ameruhusiwa kutofunga. Ongea na shehe na muganga kabla ya Ramadhani, siyo katikati yake.

BAADA YA JINA KUPATIKANA

Crohn haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini inaweza kulazwa miaka mingi. Kortikoide zinazima moto kwa muda mfupi. Azathioprine ao methotrexate zinaufanya usiwake tena, na zinahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Mwanamke anayetaka mimba asitumie methotrexate, maana inadhuru mtoto. Kuna pia sindano mpya kama infliximab, za bei kubwa sana, nazo hazianzwi bila kutafuta kifua kikuu kwanza. Utumbo ukifunga ao ukitoboka, upasuaji unaokoa. Watu wenye Crohn wanalima, wanafundisha, wanaoa, wanazaa.

NENO JUU YA SUMU

Mtu akikonda miezi na miezi bila jina la ugonjwa, majina mengine yanatafutwa: sumu, uchawi, bibi wa baba, jirani aliyemwalika ku matanga. Familia zimetengana kwa sababu hiyo, na wazee wamefukuzwa kijijini. Fikirini jambo hili: ugonjwa unaokuja polepole, unaolala na kuamka, unaochagua mmoja katika nyumba ambayo wote walikula sahani moja, ndivyo Crohn inavyofanya. Ndivyo na kifua kikuu cha matumbo. Kabla ya kumshitaki mtu, hesabuni: choo kimepimwa mara tatu? VIH imepimwa? Kifua kikuu kimetafutwa? Karatasi ya kwenda hospitali kuu iko wapi?

Kama uko na mtu nyumbani anayehara tangu zaidi ya mwezi, leo jioni mpime kilo kama mizani iko karibu, na anza daftari. Kesho asubuhi, mpelekeni ku kituo cha afya pamoja na daftari lile. Kama ni amiba, mtakuwa mmepoteza asubuhi moja tu. Kama ni kitu kingine, mtakuwa mmekiwahi.